Kisiwa cha Jina Refu

Mimi si mtu wa safari. Katika miaka 34 ya ualimu, tangu nilipotoka chuoni mpaka nilipokabidhi funguo za ofisi, safari zangu nyingi zilikuwa za kwenda wilayani kuchukua karatasi za mitihani na kurudi. Basi binti yangu, ambaye ni muuguzi huko Wales, aliponitumia tikiti mwezi wa Juni 2024 ili nikamwone yeye na mjukuu wangu, niliingia ndegeni nikiwa na umri wa miaka 74, magoti mabovu, na koti zito la kuazima kwa shemeji yangu. Watu wa Kaloleni walinicheka. Walisema, huyu Mwalimu anakwenda Ulaya kusahihisha Kiingereza cha Waingereza.

Kumbe Kiingereza nilikipita njiani. Binti yangu anaishi katika mji mdogo ulio ukingoni mwa mlango-bahari wa Menai, katika kisiwa ambacho Waingereza hukiita Anglesey na wenyewe hukiita Ynys Môn. Ni kisiwa kidogo kuliko Pemba, kilometa za mraba 714 hivi, kimetengwa na bara kwa maji membamba yaendayo mbio kama mto. Kila asubuhi binti yangu huvuka daraja kwenda hospitalini, na jioni hurudi kisiwani. Alikuwa amekwisha kuandika kwenye karatasi mahali pa kunipeleka kila siku yake ya mapumziko, na mahali pa kwanza palikuwa kituo cha reli.

Nilidhani tunakwenda kupanda gari-moshi. La, tulikwenda kusoma kibao. Kituo chenyewe ni kidogo, lakini kibao chake ni kirefu kama mtumbwi, kimeandikwa: Llanfairpwllgwyngyllgogerychwyrndrobwllllantysiliogogogoch. Watalii walikuwa wakingojeana zamu ya kupigwa picha mbele yake. Mjukuu wangu, mtoto wa miaka minane, alisimama akalisoma jina hilo lote kwa pumzi moja, kisha akanitazama kama mwanafunzi anayengoja alama.

Akanieleza maana yake kwa Kiingereza: kanisa la Mtakatifu Maria, lililo katika shimo la mti mweupe wa hazel, karibu na maji yazungukayo kwa kasi, na kanisa la Mtakatifu Tysilio la pango jekundu. Msomaji asidhani jina hilo waliliacha wahenga. Kijiji kilikuwa na jina lake la kawaida, Llanfair Pwllgwyngyll. Reli ilipita hapo mwaka 1848, na katika miaka ya 1860 jina likarefushwa makusudi ili wasafiri washuke watazame. Ni hila ya biashara, na imefaulu, maana hata mimi nilitoka Kaloleni nikaenda kulitazama.

Nilihesabu herufi kwa kidole nikapata 58. Mjukuu wangu akanisahihisha: "Si 58, Babu. Ni 51." Katika Kiwelisi, alisema, ll ni herufi moja, na ch vilevile ni moja. Nilifurahi jinsi anavyofurahi mwalimu tu. Nikamwambia kwamba hata sisi tuna ng' ya ng'ombe, ambayo jicho linaona alama tatu na sikio linasikia sauti moja. Akaniuliza ng'ombe ni nini.

Swali hilo lilinichoma zaidi ya alivyokusudia. Mtoto huyu alinipokea uwanja wa ndege kwa "Shikamoo, Babu", na baada ya hapo Kiswahili chake kikawa kimekwisha. Kigiriama hakijui kabisa. Shuleni anasoma kwa Kiwelisi, kama watoto wa kisiwa kile wasomavyo. Dukani anasema Kiwelisi. Na mama yake anasema naye Kiingereza. Kwa hiyo babu na mjukuu tulizungumza Kiingereza, lugha ambayo mimi niliifundisha kwa fimbo.

Siku zilizofuata nikawa ninayatazama maandishi ya barabarani kuliko mandhari. Kila kibao kina lugha mbili. Lamini imeandikwa ARAF kwa herufi kubwa nyeupe, yaani nenda polepole. Niligundua jambo ambalo kwa mtu aliyefundisha ngeli za Kiswahili maisha yake yote ni kama kukutana na ndugu ugenini: lugha ile nayo hubadilisha kichwa cha neno. Nchi yao ni Cymru, lakini ukikaribishwa katika Cymru kibao husema "Croeso i Gymru". Mji wa ng'ambo ya daraja ni Bangor, lakini kwenda Bangor ni "i Fangor", na kuwa Bangor ni "ym Mangor". Mgeni mwingine aliyekuwa dukani alilalamika kwamba huo ni utata usio na maana. Mimi nilicheka peke yangu. Mtu aliyezaliwa katika ulimi na ndimi, ukuta na kuta, hatishwi na neno linalovua kofia.

Daraja la zamani tulilivuka kwa miguu. Ni la kuning'inia, kazi ya mhandisi Thomas Telford, lilifunguliwa tarehe 30 Januari 1826, na liliinuliwa kiasi cha meta 30 juu ya maji ili merikebu zenye milingoti mirefu zipite chini yake. Kabla ya hapo ng'ombe waliokwenda kuuzwa Uingereza waliogeleshwa. Mjukuu wangu alifurahi sana kusikia hivyo, kwa kuwa sasa alikwisha kujua ng'ombe ni nini.

Beaumaris nilikutazama kwa muda mrefu zaidi. Hapo pana ngome iliyoanzwa mwaka 1295 na Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza, baada ya Wawelisi kuasi mwaka uliotangulia chini ya Madog ap Llywelyn. Fundi wake mkuu alikuwa mgeni kutoka Savoy, James wa St George, kama vile Fort Jesus yetu ya Mombasa, iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593, ilivyochorwa na Mwitaliano. Watawala hupenda kuleta mafundi wa mbali. Imejengwa boma ndani ya boma, kuta zake zikilingana kila upande, na handaki la maji kuizunguka. Langoni palikuwa na gati ndogo ya kupakulia vyakula bahari ikijaa. Karibu na hapo palikuwa na mji wa Wawelisi, Llanfaes, wenye bandari na soko. Watu wake walihamishwa, wakapelekwa ng'ambo nyingine ya kisiwa, mahali panapoitwa Newborough mpaka leo, na katika mji mpya wa Beaumaris wakakaribishwa Waingereza.

Lakini ngome haikumalizika. Mwaka 1296 wasimamizi waliandika kwamba wanahitaji waashi 400 na vibarua 2,000, mbali na wavunja mawe. Fedha zikavutwa na vita vya Scotland, na minara ya ndani haikufikia kimo kilichokusudiwa. Tangu 1986 ni urithi wa dunia. Nilikaa juu ya jiwe nikaitazama kazi ile iliyokatika, mwashi ameweka tofali lake la mwisho akashuka, na nikasema moyoni kwamba hawa watu walishindwa kukinyamazisha kisiwa kwa mawe. Nilijiona mwerevu sana kwa wazo hilo. Lilidumu mpaka saa kumi ya jioni.

Jioni ile jirani ya binti yangu, mama mzee aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, alitualika chai. Alikata mkate wa zabibu wanaouita bara brith, akaupaka siagi, na baada ya kujuana kwamba sote wawili ni watu wa chaki tukaanza kuulizana habari za kazi. Nilimsifu kwa jinsi watoto wa pale wanavyosema Kiwelisi bila haya. Akaniambia haikuwa hivyo zamani. Akanieleza kwamba bibi ya mama yake alivishwa shuleni kipande cha mbao, kimetobolewa na kutiwa uzi, kimechorwa herufi mbili: W.N. Maana yake ni "Welsh Not", yaani Kiwelisi hapana. Mtoto aliyesikika akisema Kiwelisi alivishwa shingoni. Yeye naye alitega sikio mpaka amsikie mwenzake, akamvisha. Kikazunguka hivyo kutwa, na yule aliyekutwa nacho jioni ndiye aliyechapwa.

Nilikishika kikombe changu bila kunywa. Nikamwuliza kipande kilikuwa na ukubwa gani. Akanionyesha kwa vidole. Ni ukubwa ule ule.

Mimi nilikuwa nacho. Kilikuwa ofisini mwangu, kimetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Sisi tulikiita diski. Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi mashambani, na matokeo yetu ya Kiingereza yalikuwa duni, nami nikaagiza fundi anichongee kipande cha mbao ya mwembe. Kuanzia darasa la nne kwenda juu, atakayesikika akisema Kigiriama, au hata Kiswahili nje ya somo la Kiswahili, atavishwa. Viranja waliandika majina. Saa kumi ya jioni majina yalisomwa mstarini, na mimi mwenyewe nilishika kiboko.

Mtu anaweza kunitetea kwa kusema kwamba yalikuwa mambo ya wakati ule na shule nyingi zilifanya hivyo. Ni kweli shule nyingi zilifanya hivyo. Lakini hakuna barua ya Wizara iliyoniagiza. Na yule mama aliniambia jambo ambalo sikulitarajia: hata kwao hapakuwa na sheria iliyoamuru kipande kile. Serikali ilituma makamishina watatu, wasiojua Kiwelisi, kuchunguza shule za Wales, na ripoti yao ya mwaka 1847 iliidharau lugha hiyo kiasi cha kuwatia watu uchungu mpaka leo. Lakini hata wao walipokikuta kipande cha mbao shuleni walikieleza kama jambo baya. Waliokitundika ni walimu. Wengi wao walikuwa Wawelisi wenyewe, na wazazi wengi waliwaunga mkono, kwa sababu walitaka watoto wao wapate kazi. Wazazi wangu pia waliniunga mkono. Siku ya wazazi mwaka 1986 walinipigia makofi.

Mwaka huo huo wa 1986 msichana mmoja wa darasa la tano aliumwa na nge chini ya mkorosho wakati wa mapumziko. Alipiga kelele kumwita mama yake, kwa Kigiriama. Mtu akiumwa na nge atalia kwa lugha gani nyingine? Tulimfunga mkono, tukampa dawa iliyokuwapo, akalala ofisini kwangu mpaka maumivu yalipopungua. Lakini kiranja alikuwa amekwisha kumvisha diski, na jina lake lilikuwa limeandikwa. Jioni niliposoma majina nalo nililisoma. Niliwaza kwamba nikimwacha huyu, kesho kila mtoto atakuwa ameumwa na nge. Nilimchapa viboko viwili katika mkono usioumwa.

Nililieleza jambo hilo lote mezani, kwa Kiingereza changu cha vitabuni, huku chai ikipoa. Sikuwahi kumweleza mtu yeyote, hata marehemu mke wangu. Yule mama hakunihurumia wala hakunilaumu. Aliniuliza jina la yule msichana. Nilikuwa nalikumbuka. Nikamtajia, akalirudia mara mbili mpaka akalipata sawasawa.

Usiku, binti yangu akiosha vyombo, nilimwuliza kwa nini hasemi na mwanawe Kiswahili, achilia mbali Kigiriama. Yeye alisoma shuleni kwangu. Diski alivishwa mara nyingi kuliko watoto wengine, kwa kuwa viranja walipenda kuonyesha kwamba hawamwogopi mtoto wa mwalimu mkuu. Hakugeuka. Alisema, "Baba, mimi nilipompata mtoto nikataka kusema naye, Kigiriama kilinijia na sauti ya filimbi ya jioni." Kisha akaniuliza kama nitahitaji maji ya moto ya kuoga.

Siku ya mapumziko iliyofuata tulikwenda Mlima Parys, kaskazini mwa kisiwa, na nilikwenda kwa sababu lilikuwa kwenye karatasi. Ni shimo kubwa lenye rangi ya machungwa, zambarau na kutu, kama kidonda kilichokataa kupona. Shaba nyingi ilipatikana hapo mwaka 1768, na katika miaka ya 1780 hakuna machimbo ya Ulaya yaliyotoa zaidi. Wanawake walikaa safu wakivunja mawe kwa nyundo, mkono wa kushoto umevikwa glavu yenye pete za chuma. Shaba hiyo ilipigiliwa chini ya merikebu za kivita ili wadudu wa baharini wasile mbao, kazi ambayo manahodha wetu waliifanya kwa shahamu. Na nyingine ilikwenda Afrika ya Magharibi kununulia watu. Mwaka 1788, Bunge la London lilipofikiria kuibana biashara ya watumwa, Thomas Williams, mkuu wa shaba ile, alipeleka malalamiko yake. Siku nyingine ningekaa hapo kutwa nikiwa na hasira za haki. Siku ile nilikuwa na deni langu mwenyewe, na hasira ya mwenye deni haina nguvu.

Mahali pa mwisho pa karatasi palikuwa South Stack, magharibi kabisa, karibu na bandari ya Holyhead waendako watu wa kuvukia Ireland. Kuna mnara wa taa juu ya kisiwa kidogo cha mwamba, unawaka tangu 1809, na kuufikia unashuka jabalini kwa ngazi za mawe zipatazo 400. Jabali lote lilikuwa limejaa ndege wa baharini, wamesimama safu safu kwenye vibao vya mwamba kama wanafunzi mstarini, wakipiga kelele za ajabu na hakuna aliyewanyamazisha. Binti yangu alinikataza kushuka. Nilishuka kidogo, ngazi kama 50, nikakaa. Mjukuu wangu akarudi kukaa nami.

Nilikuwa nimesoma habari zao usiku. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2021, zaidi ya nusu ya watu wa Ynys Môn, karibu 56 katika kila 100, walisema wanajua Kiwelisi. Tangu sheria ya mwaka 2011 ni lugha rasmi ya Wales. Kwa hiyo kile kipande cha mbao hakikuua, ingawa kilijeruhi. Kuna watu waliokaa chini wakaiteua tena lugha yao, darasa kwa darasa, na kazi hiyo haijakwisha, kwani asilimia hiyo mwaka 2011 ilikuwa juu kidogo. Sikupata faraja sana katika tarakimu hizo. Wao walikuwa na shule za kurekebisha lililoharibiwa na shule. Mimi nina magoti mawili na wiki moja iliyobaki kwenye tikiti.

Mjukuu wangu alikuwa akinifundisha sauti ya ll: unaweka ulimi kama unataka kusema la, halafu unapuliza pembeni. Nilipuliza, akacheka. Akaniuliza kama najua kwamba shule, kwa Kiwelisi, ni "ysgol". Nikamjibu najua, nimeiona kwenye kibao. Akasema, "Lakini ysgol pia ni ile ya kupandia, ya kuegemeza ukutani." Nikamwambia kwetu hiyo ni ngazi. Akauliza na hizi za mawe tunaitaje. Nikasema ngazi vilevile. Akafikiri, akasema hilo ni rahisi zaidi, kwa kuwa wao hizi za mawe wana neno jingine.

Halafu akauliza: "Na ile lugha yako nyingine? Ile ya nyumbani?"

Nilimwambia. Alilirudia neno hilo, likatoka na lafudhi ya kisiwani, nami nikalikubali hivyo hivyo. Mama yake alikuwa amesimama ngazi chache chini yetu, ametupa mgongo, anatazama ndege.

Upepo ulizidi, tukaanza kupanda. Nilimshika mtoto mkono, au tuseme yeye ndiye aliyenishika. Ili nisiyasikilize magoti nikaanza kuhesabu ngazi kwa sauti, kwa Kigiriama, naye akinifuata: mwenga, mbiri, tahu. Hapo pumzi ikanikatika, nikasimama. Tulingoja. Nyuma yetu mama yake akasema, kwa sauti ndogo kama mtu anayechungulia mlangoni kuona kama kuna mwalimu:

"Nne. Tsano."